Spoki Mbili za Baba Mkwe

Mwalimu wetu wa kufuma, mke wa mwinjilisti, alituagiza vitu viwili tu: sindano mbili za kufumia na uzi wa sufu mweupe, laini. Anayeanza huanza na mweupe, alisema, kwa sababu vitanzi vinaonekana, na kazi ya kwanza huwa soksi za mtoto mchanga. Asiye na vifaa ifikapo Alhamisi asijisumbue kuja.

Mimi mtoto sikuwa naye. Mume wangu alikuwa askari mbali, nami nilikuwa katika mwaka wa pili nyumbani kwa wazazi wake, Nyarero, nikiingia shambani kila alfajiri ndani ya ukungu huku meno yakigongana. Nilichotaka ni sweta, tena langu mwenyewe, na sikuona aibu kulitaka.

Niliuza kuku wangu, nikatembea hadi Tarime. Mwenye duka, mzee Mwislamu aliyetoka pwani, aliitikia shikamoo yangu, akaniwekea uzi mweupe juu ya meza.

"Wanawake wa kanisani wote wanachukua huu, binti yangu."

Niliuvuta, nikaugusisha shavuni. Ulikuwa laini kweli, lakini siku mbili tu za jembe zingeugeuza rangi ya udongo. Rafu ya juu ilikuwa na sufu nyeusi, nene, yenye kukwaruza. Nikaomba hiyo. Akanionya kwamba nyeusi ni ya mafundi. Nikamwambia aniteremshie mabonge yote. Sindano hakuwa nazo. Zingetoka Musoma, labda mwezi ujao, na Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

Nyumbani, ukutani mwa ghala, lilining'inia gurudumu la baiskeli lililopinda. Lilikuwa la baba mkwe. Kwa Wakurya wa wakati ule, mke wa mwana hakusema na baba mkwe ana kwa ana, hakumpa kitu mkononi, wala hakugusa mali yake. Nilisimama mbele ya gurudumu lile nikiogopa kweli. Kisha nikafungua spoki mbili. Vichwa vyake vilivyopinda vingezuia vitanzi visichomoke, na ncha nilizisaga juu ya jiwe mpaka zikateleza.

Mwalimu alipoona vifaa vyangu alicheka. Sufu nene inataka sindano nene, akasema. Kwa spoki hizi nitafuma ubao. Na huo weusi nitauonaje?

"Vidole vyangu vitaona," nikamjibu.

Akaniacha nikae nyuma. Kusema haki, alikuwa sahihi. Majuma matatu nilifuma na kufumua, nikalia kwa hasira, na sikukubali anione nikilia. Halafu vidole vikaanza kuona.

Ndipo baba mkwe akagundua. Nilikuwa uani nasaga ulezi. Alisimama hatua tano kutoka kwangu, akanipa mgongo, akasema na mkewe.

"Mwambie mke wa mwanao, gurudumu langu limepungukiwa spoki mbili. Azirudishe leo, la sivyo arudi kwao Gorong'a."

Mama mkwe akanigeukia, akarudia neno kwa neno yale niliyokwisha kuyasikia. Kurudi kwa baba yangu nikiitwa mwizi lilikuwa jambo zito, lakini kufumua sweta lililokwisha kufika kwapani niliona ni zito zaidi.

"Mwambie tata," nikasema, maana ndivyo Wakurya tunavyomwita baba, "ziko kazini. Nikizichomoa leo vitanzi vyote vitaanguka. Atazipata nikimaliza."

Mama mkwe akapeleka maneno. Mzee akatazama upande wa shamba la ulezi.

"Mwambie mwisho ni ulezi ukivunwa."

Nilimaliza ulezi ukiwa bado shambani. Mkono mmoja ulizidi mwenzake, na ukiliegemeza ukutani sweta lilisimama lenyewe. Ubao kabisa. Lakini upepo haukupenya, umande haukupenya, na nililivaa kila alfajiri nikipita mbele ya wanawake waliofuma soksi nyeupe. Spoki nilizinyoosha, nikaziacha juu ya kigoda cha mzee alipokuwa hayupo.

Jioni alisimama tena uani, mgongo kwangu.

"Mwulize, soksi za mtu mzima zinataka spoki ngapi."

Mama mkwe aliuliza huku akijizuia kucheka.

"Nne," nikasema.

Akaenda ghalani. Aliporudi alimkabidhi mkewe spoki nne, mbili kati yake zile zile zangu.

"Mwambie kesho nakwenda Tarime. Nitaleta uzi mweupe, ule wa kanisani."

"Mwambie tata uzi nitachagua mimi."

Mama mkwe akafungua kinywa apeleke. Kabla hajatamka, mzee akajibu mwenyewe, macho yake yakiwa zizini.

"Basi uwe mweusi."