Goti Langu na Magunia ya Bosi

Bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Duka nilimokuwa nauza liko karibu na soko, Tabora mjini. Bosi aliamini mteja akiona magunia tangu mlangoni, atajua duka limeshiba. Basi mchele ukishushwa kutoka Igunga, ulipangwa katikati ya njia tunayopita sisi wauzaji. Dada niliyeuza naye, mtu mzima aliyelijua duka lile kuliko mwenyewe, alimwambia bosi mara ngapi kwamba tutaanguka? Alichekewa.

Siku hiyo nimekumbatia boksi la sabuni, akaingia mama yake bosi. Kwetu mwanamke hamwamkii mkubwa akiwa amesimama kama nguzo. Nikarudi nyuma nimpishe, nikipiga goti. "Shikamoo, bibi." Kisigino kikakuta gunia. Marahaba yake niliisikia nikiwa sakafuni, mkono wa kulia umelaliwa na boksi.

Bosi akasema, "Na wewe binti, uwe unaangalia unapokanyaga!"

Dada akamgeukia mbele ya wateja. "Sawa, bosi. Kuanzia leo mama yako tutamwamkia wima. Akiuliza, tutamwambia ni agizo la mwanae."

Bibi hata hakucheka. "Toa hayo magunia," akamwambia mwanae.

Yakatoka siku hiyohiyo. Maneno ya dada hayakutosha, mpaka uvunjike mfupa wangu!

Maana hospitali walikuta kifundo cha mkono kimevunjika. Plasta, wiki sita. Mwanangu alikuwa na miezi minne, ananyonya. Niliwaza hilo tu: nitampakata na nini?

Nilipakatiwa. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, na jioni akishafunga, dada alikuja kwangu. Alimwogesha mtoto, akamkanda mafuta, akanishikia kifuani anyonye huku akinigombeza.

"Acha kulia wewe. Unamtilia mtoto chumvi kwenye maziwa."

"Siwezi hata kumshika, dada."

"Mimi namshika. Una haraka ya nini? Atakuchosha mpaka uzeeke."

Plasta ilipotolewa nilikimbia nyumbani, nilikomwacha mtoto na dada. Mkono ulikuwa mwembamba, hauna nguvu, lakini nilimnyanyua mwanangu kwa mikono yote miwili. Akanitazama, akapinda mdomo, akaangua kilio, anamnyooshea dada mikono.

"Haya, mchukue!" nikamwambia kwa hasira.

Dada akacheka mpaka akakaa chini, na hakumchukua.

"Mbembeleze mwenyewe," akasema. "Si ulikuwa unalilia kumshika?"