Hodi Tatu za Jumamosi

Namshukuru Mungu kwa uvumilivu alionipa nilipokuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Nilidhani nimeumaliza wote kwa watoto wa watu. Kumbe alikuwa amenibakizia kidogo, wa kumfundishia mzee mwenzangu simu.

Sisi ni wazee wa kanisa kumi na wanne, kila mmoja na mtaa wake wa waumini, kuanzia hapa Nzuguni hadi vijiji vya Chamwino. Zamani kila Jumamosi tulikuja kwa mchungaji na taarifa mdomoni: nani mgonjwa, nani kafiwa, wangapi walifika ibadani. Mchungaji wetu mpya, ambaye umri wake ni wa mwanangu wa mwisho, akaona tunachoka bure. Akafungua grupu kwenye simu. Taarifa ziingie kabla ya saa sita mchana, akasema, na mzee atakayenyamaza Jumamosi tatu mfululizo tutamshukuru kwa utumishi wake, tumpumzishe.

Wote tulijua ni nani atakayenyamaza. Mzee wa mtaa ulio mbali kuliko yote, mfugaji aliyenizidi miaka saba, alikuwa bado na simu ya kitochi, ya vitufe. Mwanawe akamtumia simu ya kupangusa, nami nikapewa kazi ya kumfundisha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mwalimu. Hiki kitu chenu kimefika."

Akakitoa kwenye mfuko wa nailoni, ndani yake kitambaa, ndani ya kitambaa simu. Imezimwa.

"Mbona umeizima?"

"Imechoka. Imetoka Dar es Salaam mpaka hapa."

Herufi zilikuwa ndogo kwa macho yake, na kidole chake kiligusa tatu kwa mpigo. Nikaamua asiandike, aseme. Nikamwonyesha alama ya maiki: bonyeza, shikilia, sema, achia. Kila alipobonyeza alivua kofia. Alipoachia, aliivaa.

"Kaka, kofia haihusiki."

"Humo wamo wazee au hawamo?"

"Wamo."

Akaivua tena. Tulifanya hivyo mpaka mbuzi wakarudi zizini. Nilipoaga akaniambia, akiwatazama mbuzi badala ya kunitazama mimi: "Mwalimu, mama watoto hayupo tena. Wakiniondoa na kwenye kazi hii, asubuhi nitaamkia nini?"

Nikamwambia tubonyeze mara moja zaidi.

Jumamosi ya kwanza hakusikika. Simu ilikuwa inapumzika. Jumamosi ya pili ujumbe wake wa sauti ukaingia, nami nikauweka sikioni kwa furaha.

"Hodi." Upepo, kengele ya mbuzi. "Hodi jamani." Upepo tena, mrefu. "Hodi wenyewe." Ukakatika.

Baada ya nusu saa hivi wenzetu wakaanza kuusikiliza, mmoja mmoja. Grupu zima likacheka. "Mzee, huku hakuna mlango, pita tu!" akaandika mmoja. Mchungaji hakucheka, wala hakuuhesabu kuwa ni taarifa.

Nikapanda bodaboda hadi kwake, nikafika nimegeuka rangi kwa vumbi.

"Kaka, taarifa iko wapi?"

"Ninayo."

"Mbona hukuitoa?"

"Nimepiga hodi tatu, hakuna aliyeitika. Nikaondoka. Ulitaka nivunje mlango?"

"Simu haina mlango!"

"Ina watu?"

"Ina watu."

"Basi ina mlango."

"Mbona walikujibu? Walisema pita."

"Walisema nikiwa nimeshaondoka. Tena walikuwa wanacheka. Mtu hukaribishwa kwa kuchekwa?"

Nilikaa naye saa mbili nikimweleza kwamba ujumbe ukishatumwa unabaki pale pale, kila mtu anaufungua kwa wakati wake. Akaitikia kwa kichwa. "Nimeelewa," akasema, upesi mno. Aliyewahi kushika chaki anajua maana ya nimeelewa ya namna hiyo.

Jumamosi ya tatu ilipotimu saa tano na nusu nilikuwa sebuleni na simu mkononi, chai imepoa. Taarifa kumi na tatu zilikuwa zimeingia. Yake ikalia.

"Hodi."

Basi. Hiyo tu, sekunde mbili. Nikasema neno ambalo baadaye nililitubia. Kumbe alikuwa ameelewa kweli, ila kwa namna yake: kwa kuwa kila mtu anafungua kwa wakati wake, ameamua kutuma kila hodi peke yake, kisha asubiri.

Ya pili ikaingia. "Hodi jamani."

Imebaki moja, nikawaza, halafu anaondoka na uzee wake wa kanisa unaondoka naye. Nilitaka nimpigie nimfokee. Lakini nyumbani kwangu mtu akipiga hodi naitika hata nikiwa na sabuni usoni, na hapa tulikuwa wazee kumi na watatu wenye simu mikononi, tumemsikia mtu mlangoni, na hakuna aliyefungua mdomo. Nikabonyeza maiki.

"Karibu! Karibu ndani, kaka! Karibu uketi!"

Nikasubiri huku nikitazama saa ya ukutani. Dakika nne. Tano.

"Asante. Nimeingia." Kisha ikaja yote bila kukwama: waumini thelathini na mmoja, bibi aliyevunjika nyonga anaomba atembelewe, msiba mmoja, mtama unasinyaa tuombee mvua, na salamu kwa kila mzee pamoja na nyumba yake. Mchungaji akaandika: "Imepokelewa, mzee wetu." Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane.

Nikaiweka simu mezani, nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikaenda kuoga.

Baada ya saa nzima simu ikaita. Ni yeye, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Mwalimu, mna ugomvi na mimi?"

"Ugomvi gani tena, kaka?"

"Nimeomba ruhusa ya kuondoka, hakuna anayenijibu. Bado nimekaa humu, na mbuzi hawajanywa maji."

Nikafungua grupu. Kweli, ilikuwepo, sekunde tatu: "Naomba ruhusa, wazee wenzangu."

Nikabonyeza, nikamruhusu.