Nimeipa VM cores sita, Windows inatumia mbili tu: vile video ya Mwalimu Wafula iliponea chupuchupu

Wakuu, niaje.

Hii ilinipata mimi mwenyewe hapa Donholm, na sitaongeza chumvi. Chukueni chai, niwape.

Bibi yangu, Mwende, hu-edit video za harusi na za kanisa. Laptop yake ilikufa wiki ile ile kwaya yetu ilikuwa inamuaga Mwalimu Wafula. Mzee amewafundisha kuimba tangu wengi wao wakiwa Sunday school, na sasa alikuwa anarudi nyumbani Kakamega.

Zawadi ya kwaya ilikuwa video. Waimbaji wote, hata wale wako majuu, kila mtu amejirekodi akiimba sehemu yake ya wimbo mmoja. Mwende ndiye alikuwa anaziunganisha.

Sasa, desktop yangu ni Linux. Program yake ni ya Windows pekee.

"Usijali," nikamwambia, "nakuwekea Windows ndani ya VM, yaani computer ya kuigiza ndani ya hii yangu. Mashine iko na cores nane, vichwa nane vya kufanya kazi, nakupa sita."

Nilisema na kifua mbele kabisa, wakuu.

Ijumaa asubuhi akabonyeza export, program ianze kutoa video iliyokamilika. Kistari kikasonga kidogo, kikakwama. Program ikasema itamaliza kesho jioni.

Sherehe ilikuwa kesho mchana, Kaloleni social hall.

"Baba Neema." Akiniita polepole hivyo najua kumeharibika. "Hizo cores sita ziko wapi?"

Nikaongeza zikawa nane. Wapi! Nikaongeza RAM. Bado. Mwende akashika simu ampigie mwenyekiti wa kwaya, amwambie video haitakuwepo.

"Nipe dakika kidogo tu," nikamwomba.

Nikafungua htop upande wa Linux, ile huonyesha kila core inafanya kazi kiasi gani. Kumbe kazi inayofanyika ni ya cores mbili hivi. Zingine zimelala fofofo.

Nikaingia ndani ya Windows, Task Manager, Performance. Hapo ndipo nilicheka peke yangu:

Sockets: 2. Virtual processors: 2.

Kwa wale si watu wa computer: VM ilikuwa inaiambia Windows kwamba kila core ni processor nzima, iliyokaa kwenye socket yake, ile nafasi ya processor kwa motherboard. Yaani sockets nane. Na Windows yangu, ile Pro, haitumii zaidi ya sockets mbili. Zile zingine inaziangalia tu.

Nikazima VM kabisa, si restart. Kwa virt-manager, program ya kusimamia VM, nikaenda CPUs, nikafungua Topology, nikaweka tick ya kujipangia mwenyewe: socket 1, cores 6, threads 1. Nilirudi sita ili Linux nayo ibaki na mbili za kupumulia.

Nikawasha. Export tena.

Feni ikanguruma nyumba nzima ikasikia. Kistari kikaanza kutembea, na Mwende akarudisha simu mezani.

"Sasa hiyo ndiyo sauti ya kazi!" akasema.

Mtoto wetu Neema akitoka shule, video ilikuwa tayari kwa flash.

Kesho yake pale hall, zile nyuso zikatokea ukutani. Sopranos wakaingia. Mwalimu akainuka, akasogea mbele ya ukuta, akainua mikono, akaanza kuwaongoza. Wale wa kwa video! Kwaya iliyokuwa hall ikasimama ikaimba nao, na besi walipochelewa akawageukia na lile jicho lake la siku zote.

Mwende alinifinya mkono hadi ikauma. Nikajua nimesamehewa.

Nilichojifunza: kuipa VM cores ni jambo moja, guest, yaani hiyo Windows ya ndani, kuziona ni lingine. Kabla uongeze chochote, ingia ndani uangalie yenyewe inahesabu ngapi.

Sasa nyinyi wa KVM, mnaoendesha VM kwa Linux, mnafanya pinning, kila core ya VM ifungwe kwa core yake ya kweli, ama mnaachia scheduler ijipange? Na kuna mwingine hizi sockets zimemchezea? Leteni stori, niko hapa nasoma zote.