Asali ya Baba, Chai ya Mama

Baba alikuwa mrina asali, na hakuwa mtu wa maneno. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye miyombo nyuma ya mashamba ya mihogo, huko Heru Juu. Akiondoka nyumbani na mwenge wake wa majani makavu, tulijua atarudi jioni akinuka moshi, ndoo imejaa masega, na hatasimulia chochote. Sikumbuki siku aliyomnunulia mama kitenge bila mama kuomba. Lakini asali ya kwanza ya msimu ilikuwa ya mama. Alimwekea kwenye bakuli la peke yake, na sisi watoto tulijua halishikwi.

Mama alipoambiwa ana kisukari, mimi nilikuwa nimeshaolewa na naishi Kibondo, nashona nguo kwenye kibanda karibu na stendi. Kwa muda mrefu alikuwa anakonda na kunywa maji kama mtu aliyetoka kulima juani, na sote tulisema ni uchovu. Hospitali ya Kasulu wakampima, wakampa vidonge, wakamwambia apunguze ugali, aache soda, aache sukari. Baba ndiye aliyenipigia simu, na baba kupiga simu halikuwa jambo la kila wiki.

"Mama yako ana sukari," alisema. "Tumeelezwa. Tutaacha."

Hakusema ataacha. Alisema tutaacha, na nilipokwenda kuwaona nikakuta kweli kopo la sukari halipo. Alikuwa amelipeleka kwa jirani na kuliacha huko pamoja na kijiko chake. Baba huyu alikuwa mtu wa chai nzito ya sukari, chai ambayo ukimwaga mezani nzi wanakuja kabla hujachukua kitambaa. Sasa alikuwa anakunywa ya rangi tupu, anafumba macho kidogo kila anapomeza, na akiulizwa anasema amezoea.

Nikaona niwasaidie. Nikashuka Kasulu mjini kwa mwenye duka mmoja, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Tanga, na ambaye nilisikia naye ana tatizo hilo hilo. Alinionyesha kikopo kidogo cha vidonge vya kutia utamu kwenye chai, vidogo kama punje za mtama.

"Hivi ndivyo ninavyotumia mimi," alisema. "Kimoja kwa kikombe, mwanangu. Mama akizidisha, itamgeukia uchungu. Na mwambie asikate tamaa siku za mwanzo. Ulimi unachelewa kukubali."

Mama alijaribu. Alikunywa mara mbili tatu, akaweka kikombe chini.

"Ni tamu," alisema, "halafu inabaki kama nimelamba kijiko kitupu."

Baba akachukua kidonge kimoja, akakiweka kwenye ulimi, akakitema uani. "Kitu kitamu hivi na hakina mmea wala mdudu," alisema. "Kinatoka wapi?" Kikopo kikawekwa juu ya kabati, na kwa muda mrefu hakuna aliyekigusa.

Badala yake baba alileta asali. Wala halikuwa wazo lake peke yake. Heru Juu nzima ilijua hivyo, na mimi nilijua hivyo: sukari ni ya kiwandani, ina kemikali, ndiyo inayoleta ugonjwa; asali ni dawa. Mtoto akikohoa anapewa asali. Kidonda kinapakwa asali. Ubuki, kama tunavyoiita nyumbani kwa Kiha, hauwezi kuwa adui wa mtu. Hata wafanyabiashara waliokuja kununua kwa baba na kwenda kuuza kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu walisema wagonjwa wa sukari ndio wateja wao wazuri.

Kuanzia hapo baba akaanza kumtengenezea mama chai. Ni lazima niseme jambo hilo lilivyokuwa geni. Baba hakuwa mwanamume wa kuingia jikoni. Kama mama hayupo alikula mihogo mibichi. Sasa aliamka kabla yake, akawasha moto, akachemsha maji na tangawizi, akamimina kwenye kikombe, kisha akakaa akikingoja kipoe. Alisema asali ikitiwa kwenye chai ya moto sana inakufa. Chai ikifikia pale alipopataka, alitia kijiko kikubwa, akakoroga polepole, akampelekea mama kitandani.

Jirani zake wanawake walimcheka mama. Walimwambia amefanywa bibi harusi uzeeni. Mama naye alicheka, akaficha mdomo kwa upande wa kanga, na nilipomwona anacheka hivyo nilifikiri ugonjwa umewaletea kitu ambacho afya haikuwahi kuwaletea. Bado nafikiri hivyo. Katika maisha yao yote niliyoyashuhudia, wakati ule ndipo walipopendana waziwazi.

Lakini mama hakupata nafuu. Macho yalianza kuona ukungu. Usiku alikuwa anaamka kwenda uani mara kwa mara. Kisha akajikwaa kwenye jiwe akienda kisimani, likatoka jeraha kwenye kidole cha mguu wa kushoto, na jeraha hilo likagoma kupona. Nilikwenda nikawachukua wote wawili, tukapanda bodaboda mbili mpaka kliniki Kasulu.

Nesi alimpima mama, akaangalia kipimo, akampima tena kwenye kidole kingine. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mama, unakula nini nyumbani?"

Baba ndiye aliyejibu. Alikuwa amekaa wima, kofia yake magotini, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi ambao anajua utamsaidia.

"Sukari hajagusa," alisema. "Niliitoa nyumbani mwenyewe. Namtilia asali."

"Kiasi gani, mzee?"

"Kijiko kikubwa asubuhi. Jioni pia. Na kwenye uji."

Nesi hakumkemea. Nilitamani baadaye angemkemea, ingekuwa rahisi kumkasirikia. Alizungumza taratibu, kwa heshima, kama anayezungumza na baba yake mzazi.

"Mzee wangu, asali nayo ni sukari. Ikiingia mwilini inakwenda kule kule. Hatusemi ni mbaya kwa mtu mzima wa afya. Lakini kwa mama, kijiko kikubwa mara tatu kwa siku ni kingi mno."

"Hata ya nyuki wadogo?" baba aliuliza. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ndiyo inayohesabiwa dawa kuliko zote.

"Hata hiyo, mzee."

Baba aliigeuza kofia yake magotini. "Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Sijasema hivyo. Kuna mambo mengi. Kuna vidonge, kuna chakula kingine."

Lakini baba alikuwa ameshasikia alichosikia. Mama alikuwa anaangalia sakafu. Nilidhani ni maumivu ya mguu.

Vidole viwili vya mguu ule vilikatwa. Tulishukuru kwamba haukuwa mguu mzima, na watu wa kanisani walikuja wakatuombea wakashukuru pamoja nasi. Baba alipokea wageni, akawapa mikono, na wageni walipoondoka akaenda kwenye miyombo bila mwenge wala ndoo. Alikaa huko mpaka jua likazama. Baadaye tulisikia amempa mizinga yote mwanamume mmoja wa kule bondeni ambaye zamani alikuwa akimsaidia kuitega. Hakuchukua chochote.

Hakurina tena. Watu walikuja kumuulizia asali, wengine kutoka mbali, hata Kakonko, wakiwa na madumu yao. Aliwapa viti, akawapa maji, akawaambia hana. Mama alimsihi arudi.

"Nyuki wana kosa gani, mzee?"

"Hawana kosa," baba alijibu. "Waache huko huko."

Akachukua beseni, akapasha maji moto kidogo, akayajaribu kwa kiwiko kama tunavyojaribu maji ya mtoto mchanga, akauosha mguu wa mama. Aliuosha hivyo kila siku, akaukausha katikati ya vidole vilivyobaki kama alivyoelekezwa, akaukagua kwenye mwanga wa mlango. Mama akawa anakunywa chai ya kikopo cha vidonge, kile cha juu ya kabati, na ulimi wake ukakubali kama yule mzee wa duka alivyosema. Baba alikunywa tupu. Sukari ya mama ikaanza kushuka, macho yakatulia. Nilipowatembelea niliona nyumba yenye amani, lakini ya watu wanaotembea kwa uangalifu, kama kuna mgonjwa mwingine chumbani asiyetakiwa kuamshwa.

Baba alifariki msimu wa mvua, kifua kilimbana kwa siku chache tu. Hatukupata muda wa kuzungumza mengi, na hata tungeupata, hakuwa mtu wa maneno.

Baada ya matanga nilimleta mama Kibondo. Nilimpa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, na akazoea kuniletea vifungo na kunikunjia vitambaa. Alasiri moja tulikuwa tunachambua maharage kwenye ungo. Nilimwekea chai yake, nikaangusha kidonge ndani, akakiangalia kikiyeyuka.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuacha sukari."

Sikuelewa. Nilimwambia lakini anatumia vidonge, nimeona mwenyewe.

"Wakati ule. Wakati baba yako ananitilia asali." Aliendelea kuchambua maharage. "Ile jumuiya ya akina mama, tunaposali nyumba kwa nyumba. Unajua chai ya jumuiya ilivyo. Mwenye nyumba akikutilia sukari kidogo watu wanasema amechoka na wageni. Mwanzoni niliona aibu kukataa. Halafu haikuwa aibu tena. Niliitaka. Nilikuwa nakunywa vikombe viwili na maandazi, na siku ya soko nikishuka Kasulu nakunywa soda. Siku hizo sikumeza hata vidonge vya hospitali, maana nilisikia vinagombana na utamu."

"Baba alijua?"

"Baba yako angejulia wapi? Yeye alikuwa nyumbani anakunywa chai tupu."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Niliuliza kwa sauti ambayo ningependa iwe ya chini zaidi.

"Nilitaka kumwambia pale pale kliniki," alisema. "Nesi alipouliza nakula nini, neno lilikuwa mdomoni. Nikamwangalia baba yako usoni. Nikasema, nitamwambia tukifika nyumbani. Tukaja kukatwa vidole. Tumerudi nyumbani, akaleta beseni akaniosha mguu. Ningemwambia saa ngapi? Wakati ameushika?" Alitoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa uani. "Yeye aliacha sukari kwa ajili yangu, na hakuumwa. Mimi niliyeumwa sikuacha. Ningemwambia hilo, angenionaje?"

Nilitafuta cha kumfariji, nikapata ukweli tu. Nikamwambia asali nayo ilimdhuru, nesi hakukosea, kijiko kikubwa mara tatu kwa siku kingemfikisha pale pale hata bila chai ya jumuiya.

"Najua," mama alisema. "Sisemi haikuwa asali. Nasema mzigo aliubeba peke yake. Tungegawana."

Kisha akanywa chai yake. Nilikaa na ungo mapajani, nikimfikiria baba na mizinga aliyoigawa, na madumu ya watu waliorudi matupu. Nilijaribu kumkasirikia mama, na hasira ilikuja kidogo, ikaondoka nilipoona jinsi mikono yake ilivyokuwa inachagua maharage yale yale mazuri na kuyarudisha kwenye ungo. Alikuwa ameishi na jambo hilo kila asubuhi mtu mwingine akiinama miguuni pake.

Siku hizi anahudhuria kliniki hapa Kibondo na vipimo vyake vinaridhisha. Akialikwa mahali, anasema mapema kwamba hanywi sukari, na kama mwenyeji anasisitiza, anaomba maji ya moto. Anasema bila kuona haya. Wenyeji wengine wananuna kidogo, wengi wanaelewa, na baadhi yao wanamfuata pembeni kumuuliza wanapimwa wapi.

Kabla ya Krismasi iliyopita aliniomba nimpeleke Heru Juu kwenye kaburi. Nilijua amekwenda kusema nini, au nilidhani najua, kwa hiyo tulipofika nilijifanya naangalia migomba ya jirani, nikamwacha. Nilimwona amesimama kwa muda, fimbo mkononi, midomo ikijiandaa. Kisha aliinama kwa shida, akaanza kung'oa magugu pembeni mwa msalaba, jani moja moja, akiyapanga rundo.

Nilipomfuata kumsaidia kuinuka, alijifuta mikono kwenye kanga.

"Nimeshindwa kumwambia," alisema kwa Kiha. "Twende, bodaboda anangoja."