Mzee Sadala na Punda Milia Makapera

Kwa Mzee Sadala, fundi cherehani wa mtaa wa Gitega nchini Rwanda, jicho huona kwanza uso usiojua utani. Alikulia Bukoba, na uso huo ndio ulioivuruga posa ya Hamimu, mtoto wa kaka yake. Siku ile msemaji wa kina Mukashema, mchumba wa Hamimu, alitangaza, kama ilivyo desturi ya Rwanda, kwamba binti amekwishaolewa Butare. Mzee alipaswa kujibu utani kwa utani. Badala yake alivaa viatu, akaondoka na wajumbe wake wote.

"Ulikuwa mchezo tu," Hamimu alimsihi.

"Mchezo gani wa kunifukuza mchana kweupe? Sirudi!"

Machi 1990, mvua zilipoanza, Hamimu, dereva wa watalii, alimpeleka mbuga ya Akagera. Madume vijana wa punda milia, ambao bado hawajapata majike, walikuwa wakiumana shingo na kurushiana mateke.

"Watauana hao! Piga honi!"

"Ngoja, baba mdogo."

Punde wawili walitulia, mmoja akaweka kidevu mgongoni mwa mwenzake, wakasinzia.

Mzee alimgeukia Hamimu. "Kwa hiyo yule mume wa Butare..."

"Hayupo, baba mdogo."

"Lo! Na mimi nikavaa viatu!" Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Kina Mukashema wamekubali kuwapokea tena Jumamosi. Mzee anawajaribia wateja wake majibu ya utani, na wengine wanacheka kweli. Hamimu amekwishapiga pasi kanzu yake, na leo ni Jumatatu tu.