Herufi za Asilimia Mia Mbili

Ofisini walimwita Muhuri, maana kwa miaka ishirini na mitatu aligongea mihuri vyeti vya vizazi na vifo bila kuinua kichwa. Zilipoletwa laptop mpya zenye skrini kali, wenzake walilalamika kwamba maandishi yamekuwa madogo kama ufuta. Yeye hakulalamika. Majina madogo kiasi hicho yalimpita tu.

Tangu mkewe afariki, miezi mitatu nyuma, kila kitu kilimpita tu. Alikula akiwekewa. Fomu ya marehemu ilikaa chini kabisa ya trei yake, na kila siku alirundika nyingine juu. Lakini binti yake aliomba ufadhili wa chuo, na bila cheti cha kifo cha mama nafasi ingeenda kwa mwingine.

“Baba, mwisho ni leo,” binti alimkumbusha asubuhi kwa simu.

“Ni leo,” alijibu, kama mtu aliyeulizwa tarehe.

Akaitoa fomu, akaanza kuiingiza kwenye laptop. Fundi wa kompyuta, mwanamke asiyejua kubisha hodi, akamkuta amejikunyata.

“Mzee, utaitoboa skrini kwa pua!”

Akaingia kwenye mipangilio, akakuza maandishi hadi asilimia mia mbili, akaenda zake. Jina la mke likajaa skrini, jeusi, nene. Muhuri akatazama ukuta. Alimalizia akiangalia vidole vyake, akaifunga fomu.

Makarani waliozeekea kwenye madaftari ndivyo walivyo, hawaambiliki: kwao kilichoandikwa kimeshaingia. Kumbe programu kuukuu ya usajili haikujua kujipanga upya. Maandishi yalipokua, kitufe cha kuhifadhi kilisukumwa chini, nje ya skrini.

Adhuhuri binti akapiga simu tena. “Baba, watu wa ufadhili wamemtafuta mama kwenye orodha ya vifo, hayumo.”

Akaandika upya. Safari hii alikosea mara mbili, ikambidi aangalie. Jina la kwanza, la baba yake, la babu yake. Umri. Chanzo cha kifo. Uhusiano wa mtoa taarifa: mume. Kisha akashusha ukubwa hadi mia na ishirini na tano, kitufe kikachungulia, akakibonyeza.

Akampigia binti.

“Tayari, mwanangu. Mama yako amefariki.”

Muhuri akainua kichwa, simu sikioni, maana ndiyo kwanza na yeye amesikia.