Hodi Mara Tatu kwa Bi. Zamzam

Siku yangu ya kwanza kazini chuoni, katikati ya miaka ya themanini, Mkuu wa Idara alinipa chaki, ufunguo wa darasa na wageni wanne waliokaa kama wanangoja kung'olewa meno. Kazi yangu ilikuwa kuwasomesha Kiswahili. "Maalim Rukia," akanambia, "wakitoka hapa wajue kusema, na wajue kungoja." Alikuwa mtu wa maneno machache. Sikumwelewa, na nilikuwa mpya mno kumuuliza.

Nikasomesha mjini, nikahamishiwa skuli ya Makunduchi, na miaka ya tisini nikarudishwa kwenye idara ile ile. Nilikuta mezani kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya bibi harusi. Pembeni yake alikaa Seif, fundi wetu wa mitambo, karudi kutoka masomoni hata vumbi la safari halijamtoka. Mkuu wa Idara alikuwa na jambo kichwani: wanafunzi wetu wakirudi kwao husahau walichosoma, basi tujenge websaiti iwasomeshe huko huko waliko. Neno tovuti lilikuwa bado halijatufikia.

Mimi nimezaliwa mdadisi, na Seif alikiona cha moto. "Huo ukurasa unakaa wapi?"

"Katika seva, Maalim. Ni kompyuta kubwa iliyo mbali, haizimwi, inawahifadhia watu kurasa zao."

"Na nani anaifagia?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanielezea modemu, kile kisanduku kinachopitisha kila kitu kwenye waya wa simu, kikilia kama paka wawili juu ya paa. Mtu akiinua simu ya ofisini, kazi yote imekatika. Nilikaa naye mpaka na mimi nikajua kuandika zile alama zinazoiambia kompyuta picha ikae wapi na maneno yakae wapi.

Lakini matamshi hayasomeshwi kwa maandishi. Tulihitaji sauti, na yangu, Mkuu alisema bila kunionea haya, ilikuwa imeshakula chaki nyingi. Nikamkumbuka Bi. Zamzam wa mtaa wa Kiponda, shoga wa marehemu mama yangu. Kiunguja chake kilikuwa kila herufi mahali pake, ghaini ni ghaini, dhali ni dhali. Tangu afiwe na mume alikuwa hatoki ila kwenda maziko.

"Sauti yangu iende kwa watu nisiowajua?" akaniuliza. "Waniingilie tu, kama nyumba haina mwenyewe?"

"Wanataka kusoma, Bi. Zamzam."

"Nawasome. Lakini anayenitaka mimi hupiga hodi. Akikosa jibu mara tatu, huenda zake. Nipe ahadi hiyo, kisha lete chombo chako."

Nikampa. Tulirekodi kwa kaseti chumbani mwake, madirishani tumetundika kanga ili kunguru wasituchangie mazungumzo. Seif akaihamishia sauti kwenye kompyuta, akaupiga picha mlango wa nyumba, pamoja na njumu zake zote za shaba, akaufanya ukurasa wa kwanza. Chini yake kitufe: Hodi. Ukikibonyeza panakuwa kimya, na katika kimya kile faili la sauti linashuka polepole kwenye laini. Likifika, Bi. Zamzam anaitika, "Karibu," mlango unafunguka, masomo hayo. Hodi ya tatu ikipita bila jibu, hutokea maandishi: Mwenyewe hakujibu, rudi siku nyingine. Laini za wakati ule zilikuwa goigoi, kwa hivyo mgeni alingoja kweli kweli.

Akaja Mkurugenzi wa chuo kukagua. "Ondoeni huu mlango," akasema. "Watu wana haraka zao."

"Hauondoki, Mkurugenzi. Nimempa ahadi mwenyewe."

"Mwenyewe yupi? Hii si kompyuta?"

"Mlango ukiondoka, na sauti naiondoa. Mtabaki na picha."

Seif akainamia nyaya ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Mkurugenzi akavuta kiti, akabonyeza hodi. Kimya. Akabonyeza tena. Alikuwa kashafungua mdomo anigombeze, Bi. Zamzam akaitika, "Karibu." Mkurugenzi akasimama, akaweka kofia yake sawa, akaiambia kompyuta, "Starehe, Bibi," kama anayemwomba mwenyeji asijisumbue kuinuka. Nilijiuma midomo. Habari ya kuondoa mlango hatukuisikia tena.

Kila Ijumaa nilikwenda Kiponda kupeleka habari. "Nani kapiga hodi wiki hii?" Bi. Zamzam huniuliza kabla sijakaa. Nikimsomea barua pepe za wanafunzi, alitaka zaidi. Ana watoto? Kwao kunanyesha? Mama yake yuhai? Alinambia wazi kwamba anatamani, kabla hajafa, amwone japo mmoja wao kwa macho yake.

Miaka ikapita, magoti yakamlemea. Alasiri moja akanipigia simu. "Rukia, kaja. Na kaondoka."

Nilimkuta kakaa ngazini. Alikuwa juu aliposikia hodi. Aliitika, lakini sauti yake siku hizo haikuwa ikifika chini. Akaanza kushuka. Hodi ya tatu ilimkuta katikati ya ngazi, na alipofungua mlango, uchochoro mtupu. Muuza kahawa wa baraza ya pili alishuhudia yote: mwanamke wa kigeni, mtu mzima, mkononi ana picha ya mlango ule, kaitoa kwenye websaiti yetu. "Nlimwambia ngoja," akanambia. "Kasema hapana, Bibi hakujibu, ndivyo alivyonifundisha."

"Nimewasomesha kuniondokea," Bi. Zamzam akasema, akalia. Sikuwa nimepata kumwona akilia, hata alipofiwa na mumewe. Moyo uliniuma, maana mlango ule niliupigania mimi.

Nikamchukua Seif, tukauliza hoteli moja baada ya moja. Magharibi ilitukuta bustanini Forodhani, wageni ni wengi na nyuso sizijui, nikaacha kutazama, nikasikiliza. Penye meza ya urojo, mwanamke mwenye mvi alipita mbele ya wazee waliokaa, akawaambia, "Starehe." Ilikuwa starehe ya Bi. Zamzam, ile ya kwenye masomo yetu, mpaka pumzi yake. Jina lake Ingrid, nesi mstaafu, na boti yake inaondoka asubuhi.

Tulipofika Kiponda akasita. "Leo nimeshapiga tatu," akasema.

"Piga ya nne. Ruhusa nakupa mimi."

"Hodi."

"Karibu!" Jibu lilitoka pale pale nyuma ya mlango. Bi. Zamzam alikuwa kaweka kiti chini ya ngazi, hajaondoka tangu nilipomwacha. Ingrid akajifunika mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. "Ni yeye," akanambia. Na swali la kwanza aliloulizwa, hata kahawa haijamiminwa, lilikuwa kama kwao kunanyesha.

Kesho yake Bi. Zamzam akaniita. "Lete chombo chako." Tukarekodi maneno machache. Seif akafuta yale maandishi ya rudi siku nyingine, mahali pake akaweka faili hilo jipya, dogo kuliko yote, liwahi hata kwenye laini mbovu.

Sasa nimestaafu, naishi Paje, na Bi. Zamzam tumeshamzika. Vijana wanaoiendesha tovuti wameongeza mengi ambayo siyajui, nami bado nawauliza yanafanyaje kazi. Mlango wameuacha. Wajukuu zangu hulalamika kwamba laini ya huku ni mbovu. Mimi silalamiki. Nabonyeza hodi, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Ya tatu, ananijibu:

"Ngoja, mwanangu, nnakuja. Ni magoti tu."

Basi nangoja.